Kabla sungura hajafikishwa kwa daktari wa mifugo

Madaktari wa mifugo wa Mwanza hushinda na ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Sungura hufikishwa kwao kwa nadra, na wengi hufikishwa wakiwa hoi. Sisi tunaofuga sungura wa nyumbani huku Kanda ya Ziwa tumejifunza kwamba ziara ya kwanza ikiharibika, mara nyingi imeharibikia nyumbani au njiani. Mnyama anafika kapigwa na joto, kaganda kwa hofu, na mfugaji hajui uzito wake wala lini kaonekana akila mara ya mwisho. Kilichobaki ni ombi moja tu: "Dokta, mchome sindano." Sindano ya nini, kipimo gani, hakuna ajuaye.

Porini sungura ni kitoweo cha kila mwenye meno, kwa hiyo silika yake ni kuficha ugonjwa. Ukimweka mezani hujibana chini, masikio kayalaza mgongoni, ukamdhani mpole. Moyo wake hata akiwa mzima hupiga mara 180 hadi 250 kwa dakika, na kwa hofu huenda juu zaidi. Daktari atamwona kwa robo saa, na sehemu kubwa ya atakachokiona ni woga. Wewe umemwona wiki nzima akiwa kwao. Hizo siku saba ndizo za kupeleka, kwenye karatasi.

Anza na uzito, kwa sababu kila dawa itahesabiwa kutoka hapo. Mzani wa jikoni wa kilo 5 unatosha: weka beseni, rudisha sifuri, weka sungura. Asiye nao aazime mzani wa kuning'iniza kama ule wa wauza dagaa, apime kapu tupu, kisha kapu na sungura, atoe. Pima asubuhi kabla hajala, siku ya kwanza na siku ya saba. Sungura wetu wa kienyeji wengi wana kilo 2 hadi 3. Wa kigeni aina ya New Zealand White, aliyekomaa, hufika 4 hadi 5. Mwenye kilo 2.5 akipungua gramu 250 ndani ya wiki, hiyo ni sehemu ya kumi ya mwili wake, na ni habari ya kutajwa kabla ya salamu kwisha.

Chakula kiandike kwa majina, usiseme "majani" tu. Matembele, mchicha, nyasi za kukata barabarani, pumba za mahindi, kila kimoja na kiasi chake. Daktari anayejua sungura atatafuta nyuzinyuzi kwanza: nyasi mbichi au kavu ziwe sehemu kubwa ya mlo, maana ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno. Anayelishwa pumba na chakula cha kuku ana wanga mwingi na nyuzi kidogo, na kuhara kwake hakuhitaji maelezo marefu. Pumba zenye harufu ya ukungu zitaje pia, hata kama unaona haya, kwa sababu sumukuvu huharibu ini. Kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi. Kama alipewa, sema. Maji sungura hunywa mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku, akila majani mabichi mengi hunywa kidogo. Weka alama kwenye chupa uone yanashuka kiasi gani.

Halafu kinyesi, na hapa ndipo tunapowaomba watu watulie. Kinyesi cha kawaida ni punje kavu za mviringo, ukubwa wa dengu, zinazovunjika zikaonyesha nyuzi za majani. Punje zikiwa ndogo na chache kuliko jana, utumbo umepunguza mwendo. Zikiwa zimeunganishwa na nywele kama ushanga, anameza manyoya mengi na nyasi hazitoshi. Aina ya pili ni laini, nyeusi, inang'aa, imeshikana kama kichala cha zabibu na ina harufu kali. Hiyo si kuhara. Sungura huitoa usiku au alfajiri na kuila palepale, maana ina vitamini na protini alizotengenezewa na vijidudu vya utumbo wake. Ukiikuta imebaki sakafuni kila siku, andika: ama ni mnene hajifikii, ama mgongo unamuuma, ama analishwa vizuri kupita kiasi. Mkojo nao una hila zake. Unaweza kuwa wa njano, wa chungwa, hata wa kahawia iliyoiva kwa sababu ya rangi za majani aliyokula, na mara nyingi huwa mzito kama maji ya chokaa kwa sababu sungura hutoa kalisi ya ziada kwa njia hiyo. Wengi hukimbia kliniki wakisema anakojoa damu. Piga picha ya doa, daktari ataamua kama lipimwe.

Asubuhi ya safari okota punje 10 hadi 15 za usiku huo, uzitie kwenye kichupa safi chenye kifuniko. Kama kuna kinyesi chenye uji, kiweke peke yake. Chini ya hadubini hicho kitaonyesha mayai ya minyoo na vimelea vya koksidia, ugonjwa unaoua sana watoto wa sungura wa kuanzia mwezi mmoja hadi minne, hasa penye banda lenye unyevunyevu. Kliniki isiyo na hadubini bado inaweza kutuma sampuli. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina kituo hapa Mwanza. Punje zilizolala juani tangu jana hazina kazi.

Wiki hiyohiyo mzoeze kushikwa. Dakika tano kila jioni, sakafuni, juu ya taulo: gusa masikio, inua mdomo wa juu uone meno, tazama nyayo, tazama chini ya mkia. Akizoea kwako, mikono ya daktari haitakuwa msiba. Kushika kwenyewe kuna namna moja tu. Kiganja kimoja kifuani nyuma ya miguu ya mbele, cha pili kinabeba matako, kisha mlaze ubavuni mwako. Kumnyanyua kwa masikio, kama tunavyoona sokoni, kunamuumiza, na kibaya zaidi kunaacha kiuno kikining'inia. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yake ilivyo imara; akirusha teke moja hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo, na hapo miguu ya nyuma imekwisha. Usimlaze chali pia. Hulegea, watu wakacheka kwamba kalala, kumbe ni woga uleule wa mnyama aliyekamatwa.

Katika dakika hizo tano utakuta mambo. Meno ya mbele yanakua milimita 2 hadi 3 kila wiki maisha yake yote. Ya chini yanatakiwa yaguse nyuma kidogo ya yale ya juu. Yakipishana yatachomoza kama pembe na hataweza kukata jani. Pua kavu lakini manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yameshikana kama yamepakwa uji: huyo ana mafua anayoyapangusa kila mara usipomwona. Masikio yenye magamba mazito ya kahawia ni utitiri. Usiyabandue; chini yake kuna nyama mbichi, na yatadondoka yenyewe dawa ikifanya kazi. Vumbi jeupe gumu puani, midomoni na kwenye vidole ni upele, na unaweza kukuwasha hata wewe, kwa hiyo nawa. Visigino vyenye kidonda vinatokana na sakafu ya wavu. Manyoya ya nyuma yaliyolowa mkojo au kinyesi hayasubiri wiki iishe, maana nzi wanataga hapo na funza huanza kula ngozi ndani ya siku moja.

Kumtafuta daktari kunaanza kwa simu. Duka la dawa za mifugo si kliniki, na kijana wa kaunta, hata awe mwema vipi, hajamwona mnyama wako. Unamtaka daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Ofisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza kwake. Piga mapema siku ya kazi: "Habari za kazi, dokta. Nina sungura jike, kilo mbili na nusu, wa kufuga nyumbani, hajawahi kuonwa na daktari. Mnawatibu?" Akisema ndiyo, uliza kwa adabu kama sungura anatakiwa kushinda njaa kabla ya kufanyiwa upasuaji. Jibu linakueleza mengi. Mbwa na paka hunyimwa chakula usiku wa kuamkia upasuaji ili wasitapike. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama. Atakayekwambia asile tangu jana amemchukulia kama mbwa. Hilo peke yake halimfanyi daktari mbaya. Mweleze uliyosoma, usikilize anavyolipokea. Anayesema "ngoja niangalie tena" ni wa kurudi kwake. Uliza pia siku na saa yenye mbwa wachache, na ukwepe kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa zinazofanyika karibu na Septemba 28. Uwanja uliojaa mbwa mia wanaobweka unaweza kumtia sungura mshtuko kabla hajafika mezani.

Safari ndiyo inayoua kimyakimya. Sungura hatoi jasho la kumpoza; joto hulitolea masikioni na kwa kupumua haraka. Hewa ikipita nyuzi 30 anaanza kuteseka, na ndani ya boksi lililofungwa nyuma ya bodaboda juani inapita hapo upesi, hata kama upepo wa ziwa unakupuliza wewe usoni. Miadi iwe saa 2 asubuhi, utoke nyumbani saa 1. Wa Buhongwa au Kisesa wahesabu foleni. Wa Ukerewe wahesabu saa za melini, na wamweke kivulini upande wenye upepo, mbali na injini na mbali na matenga ya samaki.

Chombo kwanza. Boksi la katoni linalowa mkojo kabla hamjafika nusu ya njia, chini kunaachia, na sungura anaonekana katikati ya barabara. Tenga la kuku lina matundu yanayopitisha mguu, na mara nyingi limebaki na mavi na viroboto vya kuku. Kiroba hata tusikitaje. Kinachofaa kwa gharama ndogo ni kreti mbili za plastiki za matunda, moja ikifunikiza nyingine, zimefungwa kamba pande zote nne. Ukubwa wa ndani uwe kama sentimita 45 kwa 30, urefu 30 kwenda juu, ageuke na kulala lakini asiweze kuruka. Chini tandika gazeti, juu yake taulo la zamani au gunia la katani ili miguu isiteleze. Tia nyasi alizozizoea, konzi mbili, na kipande cha tango au jani lenye maji. Bakuli la maji litamwagika tu. Chupa ya maji iliyogandishwa, imefungwa kwenye kitambaa, iwekwe upande mmoja ili akisikia baridi asogee upande mwingine. Funika juu kwa khanga nyepesi na uache ubavu mmoja wazi.

Kwenye bodaboda kreti ikae mapajani mwako, kati yako na dereva. Usiifunge kwenye keria nyuma, ambako bomba la moshi linaipuliza. Mwambie dereva mapema kwamba matuta ataenda taratibu, na umlipe kwa hilo. Bajaji ni nafuu zaidi kwa mnyama. Kwenye daladala omba kiti cha dirishani upande wenye kivuli, kreti mapajani. Kila dakika kumi ingiza mkono uguse masikio. Yakiwa ya moto kabisa, pua imelowa, anahema huku kafungua mdomo, simama kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida na umpepee. Usimtumbukize kwenye maji wala usimwagie ya barafu.

Kama ana mwenzake wanaolala pamoja, nendeni na wote wawili. Anayebaki humsahau mwenzake kwa harufu. Akirudi ananuka dawa na mbwa, wanapigana hadi kung'oana ngozi. Ila mwenzake mpya, aliyenunuliwa juzi, akae peke yake walau wiki mbili hadi nne kwanza, na aje kwa safari yake.

Ukifika, kreti isikae sakafuni. Iweke kitini au mapajani, uso wake ukitazama ukuta. Mezani tandika taulo lako lenye harufu ya nyumbani na ukae upande wa kichwa chake. Uchunguzi wenyewe ni mfupi: uzito, macho, pua, masikio, meno, kifua, tumbo, kucha, nyayo, sehemu za siri, na joto, ambalo kwa sungura mzima ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Kuna sehemu mbili huwa zinarukwa na inafaa uziombe. Moja ni magego. Kuinua mdomo kunaonyesha meno ya mbele tu, ilhali gego lililochongoka ndilo linalokata ulimi na kumfanya adondoshe mate. Linahitaji kifaa chenye taa cha kuchungulia masikio. Ya pili ni jinsia. Wauzaji hukosea sana kwa watoto wadogo, maana korodani hushuka karibu na wiki ya 10 hadi 12. "Majike wawili" wakigeuka jike na dume, mimba ni siku 31, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa.

Sasa dawa, ambako makosa ni makubwa na hayarudishwi nyuma. Utitiri na upele hutibiwa kwa ivermectini, dawa inayojulikana na kila mwenye mbuzi. Chupa ya kawaida ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Sungura hupewa miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, chini ya ngozi. Chukua mwenye kilo 2: anahitaji miligramu 0.4 hadi 0.8, yaani mililita 0.04 hadi 0.08. Hilo ni tone. Bomba la sindano la mililita 5 haliwezi kulipima. Linatakiwa bomba la mililita 1 lenye alama ndogo, kama lile la insulini. Anayechomwa "mililita moja tu" amepewa miligramu 10, zaidi ya mara kumi na mbili ya kipimo cha juu. Ndiyo maana tulianza na mzani. Dozi hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14 kwa sababu mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza.

Viuavijasumu ni hatari ya namna nyingine. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni, pamoja na linkomisini na klindamisini kwa njia yoyote, huua vijidudu vyema vya utumbo. Vibaya vinashika nafasi, vinatoa sumu, na sungura anahara na kufa siku chache baadaye. Mwenye dawa huamini ugonjwa ndio uliomuua. Ile chupa ya dawa tamu ya watoto iliyobaki kabatini isiguswe. Kuna dawa salama zaidi kwa sungura, na daktari atachagua. Kazi yako ni kuuliza jina na kuliandika. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fiproni nazo si zake. Wala asiogeshwe kwenye dawa ya kupe, maana kulowa mwili mzima kunampoza na kumtia mshtuko. Ukiulizwa kuhusu chanjo, ya kideri ni ya kuku na ya kichaa ni ya mbwa na paka; hazimhusu. Ulaya sungura huchanjwa dhidi ya miksomatosi na homa ya kuvuja damu ya sungura. Muulize daktari kuhusu hiyo ya pili, hasa kama unanunua sungura kutoka mbali.

Mkirudi, mweke mahali pake palepale, nyasi na maji mbele yake, muache. Wengi hula ndani ya saa mbili tatu. Hesabu punje usiku huo. Kupitisha saa 12 bila kula wala kunya ni dharura, mpigie daktari hata kama ni usiku, na usingoje asubuhi "uone kama atachangamka". Akikuagiza kumlisha kwa bomba, mweke amekaa kwa miguu yake, ingiza ncha pembeni nyuma ya meno ya mbele, mililita moja kwa wakati, ameze kwanza. Ukimlisha chali, chakula kinaingia mapafuni.

Kama alitibiwa utitiri, banda nalo lina dozi yake siku hiyohiyo. Toa matandiko yote uchome, sugua mbao kwa maji ya moto na sabuni, anika juani hadi zikauke kabisa. Utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mnyama hadi wiki tatu. Tarehe ya dozi ya pili iandike kwa chaki mlangoni mwa banda, na uzito wa siku ile uuandike kando yake, maana siku hiyo utampima upya kabla bomba halijajazwa.